Michezo ya Kulipia kwa Mwezi, na Deni la Kitu Kipya

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Maana yake ni kwamba kitu kipya humpendeza mtu hata kama kina maumivu ndani yake. Nimeichagua methali hii iwe mlango wa makala yangu, kwa sababu nataka kueleza jambo ambalo vijana wengi wa Njombe na Makambako wanalijua kwa kulitenda, lakini ni wachache waliokaa wakalifikiri. Jambo lenyewe ni hili: kwa nini mtu anayelipa ada kila mwezi ili acheze mchezo wa kompyuta hudai mambo mapya bila kuchoka, na kwa nini mwenye mchezo, hata awe tajiri namna gani, huona taabu kumtosheleza.

Najua kwamba wako wazazi watakaosema, "Mtoto huyu tulimpeleka kusoma, naye anatuandikia habari za michezo." Nawaomba wavumilie kidogo. Habari hii ni ya biashara, ya ahadi, na ya matumizi ya fedha na wakati. Na fedha hiyo mara nyingi ni ya viazi, ya mbao au ya parachichi, yaani ni jasho lao wenyewe. Simu hazikubaliwi bwenini kwetu, kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyakusanya wakati wa likizo na katika chumba cha kompyuta. Tena katika madarasa yetu wamo watakaokuja kuwa waandishi wa programu, na hao yafaa wajue mapema mzigo unaowangoja.

Namna za kulipia

Kwa kadiri nionavyo, ziko namna nne za kumlipa mwenye mchezo.

Ya kwanza ni kununua mara moja. Mtu hununua diski dukani, huenda nayo kwake, na tangu hapo ni mali yake. Aliyemwuzia hana deni naye, kama vile seremala aliyekuuzia kiti asivyokuwa na deni la kukuletea kiti kingine mwezi ujao.

Ya pili ni kulipa kwa kila mchezo. Hii ndiyo desturi ya vibanda vya gemu katika miji yetu. Pale Makambako, karibu na stendi, mama mdogo wangu ana kibanda cha namna hii chenye televisheni nne. Kijana hutoa shilingi 500, hucheza mechi moja ya mpira na mwenzake, na aliyefungwa huinuka kumpisha mwingine. Kibanda hiki nitakitaja tena mbele.

Ya tatu ni mchezo wa bure. Michezo inayochezwa sana kwenye simu, kama Free Fire iliyotoka mwaka 2017 na PUBG Mobile iliyotoka mwaka 2018, haina kiingilio. Mwenye mchezo hupata fedha yake kwa kuuza mapambo: nguo za mpiganaji, rangi za bunduki, na pasi za msimu.

Ya nne ndiyo ninayotaka kuieleza, nayo ni ada ya mwezi. Huko Marekani namna hii ilipata nguvu kwa mchezo uitwao Ultima Online mwaka 1997, kisha EverQuest mwaka 1999. Mwezi wa Novemba, 2004, kampuni ya Blizzard ya huko huko Marekani ikatoa World of Warcraft, ambao ulikuja kuwa mkubwa kuliko yote iliyoutangulia. Ada yake huko ni dola 14.99 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 35,000 kwa thamani ya dola ya miaka hii. Kwa kibarua wa mashamba ya huku kwetu, hiyo ni kazi ya siku kadhaa.

Katika michezo ya namna hii dunia ya mchezo haimo ndani ya kompyuta ya mchezaji. Imo katika kompyuta kubwa za mwenye mchezo, ziitwazo seva, na maelfu ya wachezaji huingia humo pamoja kwa njia ya intaneti. Mchezaji akizima kompyuta yake akalala, dunia ile huendelea bila yeye: masoko yanauza, vita vinapigwa, na wageni wanaingia.

Ukimwuliza mwenye mchezo ada ni ya nini, atakujibu kwamba seva zinakula umeme usiku na mchana, wako mafundi wa kuzitunza, na wako walinzi wa kuwakamata wadanganyifu. Hesabu hiyo ni ya kweli. Walakini mchezaji hasikii hivyo. Yeye hujiuliza, "Mwezi huu nimelipa, je, mwezi huu nimepata nini?" Hapo ndipo deni linapozaliwa. Hakuna mkataba unaosema kwamba kila mwezi lazima pawe na ngome mpya au adui mpya. Lakini ada inayorudi kila mwezi humzoeza mlipaji kutazamia kitu kinachorudi kila mwezi. Ahadi ni deni, na hii ni ahadi ambayo haikutamkwa.

Jambo hili si geni duniani. Mwandishi Charles Dickens wa Uingereza alitoa kitabu chake The Pickwick Papers kwa sehemu za kila mwezi, tangu Aprili 1836 hadi Novemba 1837, na kila sehemu iliuzwa kwa shilingi moja ya Kiingereza. Mwezi wa Mei, 1837, shemeji yake alifariki ghafla, naye kwa huzuni hakuweza kutoa sehemu ya mwezi wa Juni. Alipotoa sehemu iliyofuata ilimbidi awaeleze wasomaji sababu. Tazama nguvu ya desturi ya mwezi: hata mwenye msiba alikuwa na jawabu la kutoa.

Mchezo usiokwisha na mchezo unaokwisha

Si kila mchezo unahitaji mambo mapya. Wazee wa pwani wanapocheza bao, au vijana wa Makambako wanapocheza drafti kwa vizibo vya soda, ubao ni ule ule na sheria ni zile zile walizozikuta. Hakuna anayesema, "Tumechoka, tuletee drafti mpya." Sababu ni kwamba kitu kipya ni mtu aliyeketi mbele yako. Leo ana akili hii, kesho ana akili nyingine.

Mpira wa miguu ni vivyo hivyo. Ligi Kuu yetu ina timu 16, na kila timu hukutana na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini. Jumla ni mechi 240 kwa msimu. Anayelipia king'amuzi cha Azam TV, kituo kilichoanza mwaka 2013, hulipa kila mwezi kama yule wa World of Warcraft, lakini habari yake mpya hutengenezwa uwanjani na wachezaji wenyewe. Timu ya Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, ikashuka mwaka 2018. Hakuna mwandishi aliyekaa ofisini akatunga hadithi hiyo, na kwa hiyo hakuna aliyelipwa kuitunga.

Lakini michezo mingi ya ada ya mwezi ni ya safari na hadithi. Mchezaji huanza akiwa mnyonge, hupata silaha, hujiunga na wenzake kumi au ishirini, nao huingia katika ngome kupambana na adui mkuu. Mara ya kwanza moyo hudunda. Mara ya pili wanajua adui atapiga wapi. Mara ya kumi adui yule ni kama kitendawili ambacho jibu lake limekwisha kujulikana. Mchezo umekwisha, ingawa seva bado zinawaka na ada bado inadaiwa.

Mkulima na mlaji

Kwa nini basi mwenye mchezo asitoe ngome mpya kila mwezi? Jibu tunalo hapa hapa kwetu mashambani. Kiazi mviringo hukaa ardhini miezi mitatu hadi minne. Kabla ya hapo kuna kulima na kutafuta mbegu. Baada ya hapo kuna kupalilia, kupiga dawa ya ukungu, kuvuna na kupakia. Kisha sahani ya chipsi kwenye stendi ya Makambako huliwa kwa dakika kumi, na mlaji huuliza kama ziko nyingine.

Ngome moja ya mchezo mkubwa huhitaji watunga hadithi, wachoraji, waandishi wa programu, watunga muziki, waigizaji wa sauti, na watu wa kujaribu kila mlango kabla haujafunguliwa. Kazi hiyo huchukua miezi mingi. Vikundi vya wachezaji hodari huweza kuimaliza kwa siku chache tu. Hakuna idadi ya wafanyakazi inayoweza kulisawazisha jambo hili, maana mkono unaotengeneza daima ni mzito kuliko mdomo unaokula.

Tena walaji hawali kwa mwendo mmoja. Wako hodari wanaocheza saa nyingi kila siku; hao hutaka mambo magumu zaidi. Wako watu wa kazi na familia, ambao wana saa moja tu baada ya chakula cha usiku. Hao hutaka mambo yanayomalizika kwa saa moja. Na wako wageni, ambao kwao hata yale ya zamani ni mapya, nao hutaka kuelezwa tu njia. Mwenye mchezo akimpendeza hodari, yule wa saa moja husema ameachwa. Akimpendeza wa saa moja, hodari husema mchezo umekuwa wa watoto. Wote watatu wanalipa ada ile ile, na kila mmoja anaamini kwamba ndiye mwenye mchezo. Mwalimu anayefundisha darasa lenye mwepesi, wa kati na mzito atanielewa bila maelezo zaidi.

Yaliyoipata World of Warcraft

Mwezi wa Oktoba, 2010, Blizzard ilitangaza kwamba walipaji wa mchezo wake wamezidi milioni 12. Hapana mchezo wa ada uliokuwa umefika hapo. Miaka iliyofuata hesabu ilianza kupungua.

Mwezi wa Septemba, 2013, ilitolewa ngome kubwa ya mwisho ya toleo la wakati ule. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule kampuni ilitangaza toleo jingine, Warlords of Draenor, na wachezaji wakaanza kungoja. Walingoja mwaka mzima. Toka ile ngome hadi toleo jipya kutoka mwezi wa Novemba, 2014, ilipita miezi 14, na katika miezi hiyo yote ada iliendelea kutozwa. Katikati ya mwaka 2014 walipaji walikuwa wamebaki milioni 6.8.

Toleo lilipotoka watu walirudi kwa wingi, hesabu ikapita tena milioni 10. Pengine mtu atadhani kwamba tatizo lilikwisha. La, hasha. Mwisho wa Machi, 2015, walikuwa milioni 7.1, na mwisho wa Septemba mwaka ule milioni 5.5. Baada ya hapo kampuni ilisema haitatangaza tena hesabu ya walipaji. Toleo lile lilikuwa na ngome chache kuliko wengi walivyotazamia, na baadhi ya mambo yaliyotangazwa mwaka 2013 hayakuonekana kama yalivyotangazwa; mathalan, miji miwili iliyotajwa kuwa makao makuu ya wachezaji haikupewa kazi hiyo. Ngome ya mwisho ya toleo hilo ilifunguliwa mwezi wa Juni, 2015, na toleo lililofuata likatoka mwezi wa Agosti, 2016. Ukihesabu utaona ni miezi 14 tena.

Sisemi kwamba sababu ni hiyo moja tu. Katika miaka hiyo michezo ya bure iliongezeka, na wachezaji wa mwaka 2004 walikuwa wamekuwa watu wazima wenye watoto. Lakini hesabu zile zatufundisha mambo mawili. La kwanza, kitu kipya huwarudisha watu upesi kuliko tangazo lolote. La pili, watu waliorudi kwa sababu ya kitu kipya huondoka upesi vile vile wakikimaliza.

Hila na dawa

Wenye michezo wamejaribu njia nyingi za kupunguza mwendo wa mlaji, na si zote njema.

Njia moja ni kazi ya kurudiarudia. Mchezaji huambiwa, "Kila siku ua nguruwe-mwitu kumi, upate sarafu tano, sarafu 500 zitakununulia farasi." Kazi yenyewe haina ladha, lakini farasi anapendeza, na siku 100 zinapita. Njia nyingine ni kufunga mlango kwa wiki: sehemu ya kwanza leo, ya pili Jumatatu ijayo. Kufunga mlango kwa kiasi kunafaa, maana kunampa yule wa saa moja nafasi ya kumfikia hodari. Kazi ya kurudiarudia ikizidi ni hatari, hasa kwa vijana. Mchezaji huacha kucheza kwa furaha, akacheza kwa hofu ya kupitwa. Pasi za msimu za michezo ya bure nazo zina hofu hiyo hiyo ndani yake: usipocheza kabla msimu haujaisha, ulicholipia kinapotea. Ukimwona mwenzako wakati wa likizo anaamka alfajiri kufanya "kazi za leo" za mchezo, naye hajachota maji wala hajafungua daftari, ujue hila hiyo imemkamata.

Dawa iliyonivutia zaidi ilitoka Japani. Kampuni ya Square Enix ilitoa Final Fantasy XIV mwezi wa Septemba, 2010, nao ulikuwa haujaiva: mzito, wenye kasoro nyingi, wenye mambo machache. Wachezaji walilalamika sana. Kampuni iliomba radhi na kuacha kutoza ada kwa zaidi ya mwaka mmoja, hadi Januari 2012. Mwezi wa Desemba, 2010, kazi ilikabidhiwa kwa Naoki Yoshida, ambaye aliamua kutengeneza mchezo mpya huku ule mbovu ukiendelea kuchezwa. Mwezi wa Novemba, 2012, seva za zamani zilifungwa, na ndani ya hadithi dunia ile iliharibiwa kwa kuangukiwa na mwezi wake mmoja. Mwezi wa Agosti, 2013, dunia mpya ikafunguliwa, na ada ikarudi.

Mambo mawili ya Yoshida yanafaa kukumbukwa. Kwanza, nyongeza za mchezo wake hutoka kwa kalenda inayojulikana, kila baada ya miezi mitatu na nusu hivi, na katika miaka ya karibuni kama minne. Na kabla ya kila nyongeza yeye mwenyewe hujitokeza katika matangazo ya video kueleza yaliyomo. Pili, amesema hadharani zaidi ya mara moja kwamba mchezaji aliyemaliza mambo yote anaweza kusimamisha ada, akacheza michezo mingine, na kurudi nyongeza mpya itakapotoka. Nilipolisoma hilo nilishangaa: mfanyabiashara anamwambia mteja asinunue! Lakini fikiri vizuri. Wapenzi wengi wa mpira huku kwetu huacha king'amuzi kikatike ligi inapomalizika, nao hulipa tena ligi inapoanza, wala hawana kinyongo na mtu. Mteja aliyeondoka kwa amani hurudi. Aliyeondoka kwa kuona amedanganywa huondoka na wenzake.

Dawa nyingine ni kuwauliza wachezaji wenyewe. Kampuni ya Jagex ya Uingereza ina mchezo uitwao RuneScape, ulioanza mwaka 2001. Mchezo huo ulibadilishwa mara nyingi hata wapenzi wake wa zamani wakasema hawautambui. Mwaka 2013, baada ya kura ya wachezaji, kampuni ilifungua tena mchezo kama ulivyokuwa mwezi wa Agosti, 2007, ikauita Old School RuneScape. Tena ikaweka sharti kwamba jambo jipya haliingii humo mpaka likubaliwe kwa asilimia 75 ya kura. Mwaka 2022 kiwango kikashushwa kuwa asilimia 70. Blizzard nayo, mwezi wa Agosti, 2019, ilifungua World of Warcraft ya mtindo wa miaka ya mwanzo, ikaiita Classic, na umati ukajipanga foleni kuingia.

Hapa yafaa tutulie kidogo, maana jambo hili lapingana na methali niliyoanza nayo. Watu waliodai vipya kwa miaka 15 walilipa ada ili warudishiwe vya zamani! Nadhani maelezo ni haya: mchezaji anaposema, "Tuletee kitu kipya," mara nyingi anachotaka ni ile hali ya siku ya kwanza, alipokuwa hajui kilicho nyuma ya mlango, tena akiwa na rafiki zake pembeni. Hali hiyo ngome mpya huileta kwa siku chache tu. Marafiki huileta kwa muda mrefu zaidi.

Kadi ya mwezi katika kibanda cha Makambako

Sasa narudi kwenye kibanda cha mama mdogo, maana hapo niliyaona mambo haya kwa udogo wake, bila seva wala dola.

Hadi mwaka 2024 alikuwa akitoza kwa mechi. Siku hizo sikupata kusikia mteja akimdai diski mpya. Wakimaliza mechi walisema tu, "Mama, tuwekee nyingine," wakatoa shilingi 500. Mwezi wa Oktoba mwaka ule alianzisha kadi ya mwezi: mteja alitoa shilingi 12,000, akapata kucheza saa moja kila jioni. Alitaka awe na fedha ya uhakika ya kulipa pango na umeme. Wateja 19 walichukua kadi.

Televisheni zilikuwa zile zile, diski zile zile, na padi zile zile. Lakini haikupita miezi miwili maneno yakageuka. "Shikamoo mama. Mwezi huu kuna nini kipya?" "Mama, sisi tunalipa. Mbona tunacheza na wachezaji waliokwisha kuhama timu zao?" Mama mdogo aliwajibu kwa moyo mwema kwamba Januari ataleta diski mpya ya mpira. Januari 2025 ilipofika, fedha ya diski ilikwenda kwenye godoro, sare na nauli ya mwanafunzi wa bweni, na mwanafunzi huyo ndiye anayeandika makala haya. Wateja 8 hawakulipa kadi ya Februari. Walihamia kibanda kingine.

Nilisimuliwa hayo wakati wa likizo. Nikamwuliza, "Mama, kwa nini hukuwaambia kwamba fedha ilikwenda shule?" Akanijibu, "Mwanangu, mteja hakulipa kadi ili anisaidie kusomesha. Alilipa kwa neno langu."

Kisha alibandika karatasi mlangoni, aliyoiandika kwa mkono wake. Ilisema kwamba diski mpya itakuja fedha ikipatikana, na kwamba hatataja mwezi. Ilisema kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi patakuwa na mashindano, na mwenye kadi hatatoa kiingilio. Ilisema pia kwamba anayekwenda shamba kwa wiki mbili aitoe taarifa, na siku zake zitamngoja. Katika wale 8, watano walirudi kabla diski haijaja. Diski yenyewe ilikuja mwezi wa Julai, na kwa wiki tatu kibanda kilijaa hata nje. Baada ya hapo walikuwa wakiulizana zaidi habari za Jumamosi kuliko habari za diski.

Mama mdogo hajapata kusikia jina la Yoshida. Lakini mambo aliyoyaandika kwenye karatasi ile ni yale yale: usitaje tarehe usiyoweza kuitimiza, wape watu sababu ya kukutana, maana mtu humpa mtu upya usiokwisha, na umwache mteja apumzike bila kupoteza.

Yatupasayo

Kwa wanafunzi wenzangu: kabla hujalipa ada ya mchezo wo wote, jiulize maswali matatu. Je, ninalipia kilichopo leo, au ninalipia ninachotumaini kitakuja? Je, nikisimama mwezi mmoja nitapoteza nini? Na fedha hii ilitoka katika shamba la nani? Ukilipa kwa kilichopo hutadanganyika. Ukilipa kwa matumaini, ujue kwamba umemkopesha mtu usiyemjua.

Kwa wazazi: mtoto akiomba fedha ya mchezo, msimkatalie wala kumkubalia kabla ya kumwuliza mchezo huo una mwisho au hauna, na kama unamtaka aingie kila siku. Majibu yake yatawaonyesha mengi.

Na kwa wale watakaokuja kutengeneza michezo, pengine kwa Kiswahili na kwa hadithi za Wabena na Wakinga: siku mtakapotoza ada ya mwezi, mtakuwa mmejitwika deni. Pangeni kalenda mnayoiweza kama mkulima anavyojua msimu wake. Wekeni akiba ghalani kabla ya kualika wageni. Mkichelewa, semeni mapema, kabla wateja hawajaanza kuhesabu miezi. Mlaji wa viazi huweza kungoja mavuno akiambiwa kweli kwamba shamba limelimwa. Asichoweza kuvumilia ni kuonyeshwa gunia lililojazwa majani.